Popo wa Kitum na Kirusi cha Sinema

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, Motaba ikifika Eldoret tutakimbilia wapi?" Alikuwa ametazama Outbreak, sinema ya Marekani ya mwaka 1995. Motaba ni kirusi cha kubuni: chatoka katika misitu ya Zaire, chavuka bahari pamoja na kima mdogo, kisha chageuka ghafula na kuanza kuenea hewani. Nilimjibu kwamba hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta habari hizi, maana za kweli ziko jirani, katika mlima Elgon.

Huko liko pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kuchimbua chumvi ukutani kwa pembe zao. Mapema mwaka 1980 Mzungu mmoja aliyefanya kazi magharibi ya Kenya aliugua baada ya kulizuru pango hilo, akafa Nairobi huku akitokwa na damu. Maradhi yake yalikuwa Marburg, jina la mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushughulikia kima walioletwa kutoka Uganda. Mwaka 1987 kijana mmoja aliyelizuru pango hilo hilo alikufa pia. Mwaka 2007 wataalamu walinasa popo pangoni humo, na kirusi kikaonekana katika popo mla matunda.

Basi, ugonjwa mkali namna hiyo mbona haukuuangamiza mji wa Nairobi? Mwaka 1980 aliyeambukizwa alikuwa mtu mmoja tu, daktari aliyemhudumia mgonjwa, naye akapona. Marburg hupita kwa damu na majimaji ya mwili, tena humwangusha mgonjwa kitandani upesi, asipate kuzungukazunguka.

Ni kweli kwamba virusi hubadilika. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Huingia katika chembe hai na kuilazimisha itengeneze nakala zake. Mtu anakiliye kitabu usiku kucha hakosi kukosea herufi, na ndivyo ilivyo hapa. Makosa mengi huiharibu nakala, mengine hayana athari. Mara chache kosa hukifaa kirusi, nayo nakala hiyo huenea kuliko zenzake. Lakini mabadiliko hayo huja kidogo kidogo. Tangu mwaka 1967 Marburg haijaacha njia yake ya damu na majimaji.

Mwuaji mkubwa alikuja kwa upole zaidi. Septemba 1918 homa ya mafua iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda garimoshi pamoja na abiria. Wengi walioshikwa walipona. Lakini kwa kuwa kikohozi kilisafiri nao sokoni na njiani, watu maelfu kwa maelfu walikufa Kenya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hatari ya sinema, basi, ni kutufundisha kuogopa isivyopasa. Mwenye hofu hiyo humkimbia mgeni na kuwaua popo, ambao huchavusha maua ya miti yetu. Kisha huingia darasani akikohoa bila kuziba mdomo. Historia yatuagiza mambo madogo: tuoshe mikono, tusiwashike popo, na mgonjwa akae nyumbani. Mwanafunzi wangu hakuhitaji pa kukimbilia; alihitaji kujua kirusi kipitapo.