Kutoa, Kuimba Upya na Rimiksi: Istilahi Tatu za Muziki na Historia Yake kwa Mfano wa Amapiano

Utangulizi

Mwaka jana mfasiri mmoja alituletea mkataba wa kurasa nne aliokuwa ametakiwa kuutafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya mwimbaji kijana. Kazi ilikuwa imekwisha. Alichotaka kwetu ni kuthibitishiwa istilahi. Tulipousoma tuliona kwamba neno moja la mkataba wa awali lilikuwa limepewa visawe vitatu. Katika kifungu cha tatu liliitwa "marudio", katika kifungu cha tano "toleo jipya", na katika kifungu cha saba "mchanganyiko". Mwimbaji ambaye angeisoma tafsiri ile angedhani amekubali mambo matatu mbalimbali, na kwamba malipo yaliyotajwa katika kifungu cha saba hayahusiani na ruhusa aliyoitoa katika kifungu cha tatu. Ilhali jambo lilikuwa moja tu: rimiksi.

Mfasiri huyo hakuwa mzembe. Alifanya kama afanyavyo kila mtu anayekosa istilahi moja iliyokubaliwa: alieleza maana upya kila alipolikuta neno. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi istilahi tatu za kazi ya muziki zilivyopata maana zake, na kwa nini zinahitaji kutenganishwa. Mfano tulioutumia ni amapiano, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, kwa kuwa ndani yake kutoa wimbo na kuurekebisha wimbo ni mambo yanayofuatana kwa haraka mno hata mipaka yake ikapotea.

Jina na chimbuko la amapiano

Amapiano ulizuka katika mkoa wa Gauteng katika miaka ya 2010. Soweto, Alexandra, Katlehong, Vosloorus na vitongoji vya Pretoria kila kimoja kinadai kuwa ndicho kilichouzaa, na ubishi huo haujakwisha. Mapigo yake ni kiasi cha 110 hadi 115 kwa dakika, ya polepole kuliko mengi ya hausi. Juu ya mapigo hayo huwekwa vinanda vyenye ladha ya jazi, na chini yake hupita besi nzito ambayo watengenezaji wa muziki huiita ngoma ya gogo. Ngoma hiyo haichongwi kwa mti. Hutokana na ala ya kielektroniki iliyomo katika programu ya kompyuta iitwayo FL Studio, na anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeivumisha ni MDU aka TRP.

Jina lenyewe ni la Kizulu. Kiambishi ama- ni ndugu wa ma- tuliyo nayo sisi katika magari, madaktari na madirisha. Kwa hiyo maana yake si nyingine ila "mapiano". Msomaji asione ajabu muziki kuitwa kwa jina la ala. Kiswahili kimefanya vivyo hivyo tangu zamani. Kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, kisha kikawa muziki unaopigwa kwa ala hiyo, na baadaye kikatajwa kwa piano. Santuri nayo ilikuwa jina la ala ya nyuzi kabla ya kuhamia kwenye mashine ya kusikilizia nyimbo na hatimaye kwenye sahani yenyewe. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sahani zilizorudi Unguja ziliitwa santuri, na jina hilo halikumpotosha mtu.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi, magazeti yetu yana mitindo mitatu: "amapiano imevuma", "amapiano yamevuma" na "amapiano umevuma". Wa kwanza unafuata desturi ya majina ya mitindo kama rumba na singeli. Wa pili unaliheshimu umbo la neno. Wa tatu unafuata neno "muziki" lililofichika. Sisi tumeutumia wa tatu, lakini hatuoni sababu ya kuiharamisha miwili mingine. Lililo muhimu ni kwamba mwandishi mmoja asitumie yote mitatu katika ukurasa mmoja.

Kutoa na kusikika

Muziki huu haukuanza kwa kampuni kubwa. Vijana waliutengeneza nyumbani, wakautuma kwa simu kupitia WhatsApp, na teksi za abiria zikaupiga njiani. Wimbo uliweza kujulikana mtaa mzima kabla ya kupata jina rasmi, seuze tarehe. Hata baada ya kampuni kuingia, mazoea hayo yamebaki. Dijei huupiga wimbo usiokamilika katika dansi, mtu huurekodi kwa simu yake, na kipande hicho huzagaa kabla mwenyewe hajautoa.

Hapa ndipo mtumishi wa umma anapopata shida. Je, wimbo uliosikika umekwisha kutolewa? Kwa mtazamo wetu, hapana. Kutoa ni tendo la mwenye haki, linalofanywa kwa hiari yake na lenye tarehe. Kusikika kwaweza kutokea bila yeye kujua. Yule anayejaza fomu ya usajili na kuandika siku wimbo ulipovuja kuwa ndiyo siku ulipotolewa amempokonya mwenye wimbo uamuzi wake kwa kalamu tu, pengine bila kukusudia.

Waandishi wa habari za muziki wamekuwa na vitenzi vingi kwa tendo hili. Enzi za bendi za dansi tulisoma kwamba bendi "imefyatua" vibao vipya. Baadaye wanamuziki "wakapakua" albamu, mpaka kitenzi hicho kilipohitajika kwa ajili ya kuchukua faili kutoka kwenye intaneti. Siku hizi msanii "ameachia" au "amedondosha" ngoma. Kuachia ni kitenzi kizuri: kinatukumbusha kwamba kilichoachiwa hakirudishwi mkononi. Lakini katika mkataba tunapendekeza "kutoa", ambacho ndicho kipana na kisichochakaa kwa mtindo. Gazeti na liachie. Mkataba na utoe.

Historia ya kuchanganya upya

Wengi hudhani kwamba rimiksi imeletwa na kompyuta. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Kingston, Jamaika, mafundi walianza kuondoa sauti ya mwimbaji katika rekodi na kubakiza ala, ili mtu aliyeshika kipaza sauti dansini apate nafasi ya kusema. King Tubby, aliyekuwa fundi wa vyombo vya umeme, aliendeleza ufundi huo katika miaka ya 1970 hata meza ya kuchanganyia sauti ikawa kama ala. Mjini New York, Tom Moulton alirefusha nyimbo za disko ili wachezaji wasikatizwe. Mwaka 1976 wimbo "Ten Percent" wa kundi la Double Exposure, uliochanganywa upya na Walter Gibbons, uliuzwa kwa umma katika santuri ya inchi 12. Ndiyo ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa madukani.

Kutoka hapo njia inaelekea Chicago, kwenye ukumbi wa Warehouse alimopiga Frankie Knuckles, ambao watu husema ndio uliowapa hausi jina lake. Hausi ikafika Afrika Kusini, ikapunguzwa kasi na kutiwa maneno ya mitaani, ikawa kwaito katika miaka ya 1990. Jina la kwaito huhusishwa na neno la Kiafrikana lenye maana ya "-kali". Nasi pia, bila kufundishwa na mtu, husema "wimbo mkali" tunapousifu. Amapiano ni mjukuu wa ukoo huo, na umerithi desturi ya kutouona wimbo kuwa umekwisha siku ulipotolewa.

Mifano iko wazi. "Ke Star" wa Focalistic na Vigro Deep ulipata rimiksi mwaka 2021, Davido wa Nijeria alipoongezwa, na rimiksi hiyo ikaupeleka mbali kuliko ulivyokwenda mwanzo. "Water" wa Tyla, uliochanganya pop na amapiano, ulitolewa mwaka 2023, ukapata rimiksi mwaka huohuo, na mwezi Februari 2024 ukampatia tuzo ya Grammy katika kundi jipya la muziki wa Afrika. Kwetu, Diamond Platnumz alishirikiana na Focalistic na wenzake katika "Iyo" mwaka 2021. Mwaka 2024 akatoa "Komasava", akiwamo Chley wa Afrika Kusini, na baadaye rimiksi yake pamoja na Jason Derulo wa Marekani. Jina la wimbo huo ni salamu ya Kifaransa iliyoandikwa kwa matamshi ya Kiswahili. Kazi ya kutohoa, ambayo sisi huifanya kwa vikao, msanii ameifanya kwa wimbo mmoja na taifa zima likaipokea.

Funzo la "Mbube"

Mwaka 1939 Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi mjini Johannesburg wimbo "Mbube", yaani simba. Husimuliwa kwamba haki zake aliziuza kwa shilingi kumi. Santuri ikafika Marekani. Walioisikia hawakulipata vema neno la Kizulu, wakaimba "Wimoweh", na kwa jina hilo kundi la The Weavers likaupatia umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1961 The Tokens waliutoa kwa maneno mengine na jina jingine, "The Lion Sleeps Tonight", ukaenea duniani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake hawakufikia mapatano ya kulipwa hadi mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani.

Tunaona hapa kwamba wimbo ulipitia mikono mitatu, na kila mkono ulibadilisha jina. Jina lilipobadilika, mwenyewe alisahaulika. Hatudai kwamba istilahi nzuri ingemwokoa Linda. Aliyemnyima haki hakuwa kamusi. Lakini karatasi ambayo mtu hawezi kuisoma kwa lugha yake, au anayoisoma kwa istilahi zinazogeukageuka, ni mlango ulioachwa wazi usiku. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake isigeuzwe kuwa kazi nyingine. Haki hiyo haina nguvu kwa mtu asiyejua kwamba neno aliloliwekea sahihi linahusu kugeuza.

Istilahi tunazozipendekeza

(a) Kutoa: tendo la mwenye haki la kuupeleka wimbo kwa umma kwa mara ya kwanza. Nomino yake iwe "utoaji", na siku yake "tarehe ya kutolewa". Neno "toleo" tunashauri libakie kwa kila umbo la wimbo mmoja, kama lilivyo kwa kitabu. Kwa hiyo wimbo mmoja waweza kuwa na matoleo mengi, na kila toleo na tarehe yake.

(b) Kuimba upya: kuurekodi tena wimbo wa mtu mwingine kwa sauti na ala nyingine. "Wimoweh" ni wimbo ulioimbwa upya. Si rimiksi, kwa kuwa rekodi ya Linda haikutumika ndani yake.

(c) Rimiksi: toleo linalotengenezwa kwa kutumia rekodi iliyokwishakuwapo, kwa kuiongezea, kuipunguzia au kuipanga upya. Tulijaribu "mchanganyo mpya" tukaona haufai, kwani "mchanganyo" tayari hutumika kwa nyimbo nyingi ambazo dijei huziunganisha ziwe mfululizo. "Marudio" nayo yamekwisha kushikwa na redio kwa vipindi vinavyorushwa tena. Neno "rimiksi" linajulikana kwa kijana wa Tandale na wa Mombasa, nalo halina maana nyingine. Hapana haja ya kulifukuza neno lililokwisha kufanya kazi.

(d) Toleo la awali: lile ambalo rimiksi imetokana nalo. Tunashauri lisiitwe "wimbo wa asili" wala "wimbo asilia", kwa sababu majina hayo ni ya ngoma na nyimbo za jadi. Tumewahi kuona orodha ambamo wimbo wa amapiano wa mwaka 2023 uliwekwa pamoja na nyimbo za unyago kwa kosa hilohilo.

Hitimisho

Yapo mawazo kwamba Baraza la lugha lishughulikie sayansi, sheria na utawala, na muziki wa vijana uachiwe vijana. Tunayaheshimu, lakini hatukubaliani nayo. Kwa vijana wengi, mkataba wa kwanza watakaoutia sahihi maishani hautakuwa wa shamba wala wa nyumba, bali wa wimbo.

Mkataba ule wa kurasa nne ulirudishwa kwa mfasiri, naye akaweka "rimiksi" katika vifungu vyote vitatu, pamoja na fasili yake katika kifungu cha kwanza. Tulipata habari kwamba mwimbaji, baada ya kuusoma, aliomba kifungu cha saba kijadiliwe upya kabla hajaweka sahihi. Walimu, wafasiri na watumishi wenzetu walio na visawe bora kuliko hivi tunawaomba watuletee, pamoja na mifano ya matumizi yake, ili vipimwe kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.