Trent Park: Jumba Lililosikiliza

Majumba makubwa ya mashambani nchini Uingereza husimuliwa kwa majina ya wenyewe: nani alijenga, nani alirithi, nani alimkaribisha mfalme. Jumba la Trent Park, lililoko Enfield, kaskazini mwa London, nalo lina majina ya aina hiyo. Lakini tulipolitembelea, kabla mafundi hawajaanza kuligeuza kuwa makazi, tulitoka na swali jingine: jengo linapobadilishwa matumizi, ni historia ya nani inayohifadhiwa, na ni ya nani inayofunikwa kwa rangi mpya?

Tuanze na wenye jumba. Zamani eneo hili lilikuwa sehemu ya Enfield Chase, msitu ambao wafalme walikuwa wakiwinda. Msitu ulipogawanywa mwaka 1777, Mfalme George III alimpa sehemu yake daktari Richard Jebb, ambaye alikuwa amemtibu ndugu wa mfalme katika mji wa Trento, Italia. Jina la Trent limetoka huko. Sura ya sasa ya jumba ni kazi ya Sir Philip Sassoon, mwanasiasa tajiri ambaye ukoo wake wa wafanyabiashara Wayahudi ulitoka Baghdad ukahamia Bombay, kisha ukafika Uingereza. Katika miaka ya 1920 alilijenga upya kwa kutumia matofali na mawe ya Devonshire House, jumba la Piccadilly lililobomolewa mwaka 1924. Mgeni akilitazama kutoka bustanini atadhani limesimama hivyo hivyo tangu enzi za kale. Kumbe limeungwa kwa mabaki ya jumba jingine. Sassoon aliwaalika wageni mashuhuri kama Winston Churchill na Charlie Chaplin, akafariki Juni 1939, miezi mitatu kabla ya vita.

Vita vilipoanza, serikali ililichukua jumba. Kuanzia mwaka 1942 wakaletwa majenerali wa Ujerumani waliotekwa, wa mwanzo wakiwa wametoka kwenye mapigano ya Afrika Kaskazini. Hawakutupwa seli. Walipewa chakula kizuri, wakaachwa watembee bustanini, na wakapewa ofisa wa kuwashughulikia aliyejiita Lord Aberfeldy, ambaye ulodi wake ulikuwa wa kubuni. Heshima hiyo yote ilikuwa mtego. Maikrofoni zilikuwa zimefichwa kwenye meko, kwenye taa, hata kwenye meza ya biliadi. Nyaya zilishuka hadi chini ya ardhi, ambako watu walikaa kwa zamu wakisikiliza na kurekodi kwenye santuri.

Machi 1943, Jenerali von Thoma alisikika akimweleza mwenzake Crüwell habari za maroketi ambayo Ujerumani ilikuwa ikiyatengeneza. Taarifa hiyo, pamoja na nyingine, ilisaidia kuufikia uamuzi wa kuishambulia Peenemünde kwa mabomu usiku wa tarehe 17 Agosti mwaka huo.

Sasa tuje kwa wasikilizaji wenyewe. Mwanzoni kazi hii ilifanywa na Waingereza waliojifunza Kijerumani, lakini Kijerumani cha darasani kina mipaka. Majenerali walizungumza haraka, kwa lahaja za kwao, wakikatizana na kutaniana. Wakatafutwa wakimbizi, wengi wao Wayahudi waliozaliwa Ujerumani na Austria, waliokuwa wamekimbilia Uingereza kuokoa maisha yao. Baadhi yao walikuwa jeshini tayari, katika kikosi cha kazi za mikono. Lugha waliyoisikia utotoni ikawa silaha. Lakini silaha hiyo iliwakata na wao pia, maana kupitia hedifoni walisikia maofisa wakisimulia mauaji ya Wayahudi, huku wengi wao wakiwa hawajui jamaa zao wako wapi.

Sisi tuliokulia nchi hii, tukizungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni, hatujabeba mzigo kama huo na hatutaki kujilinganisha nao. Hata hivyo tunaelewa jambo moja: kuna maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote cha sarufi. Bibi akisema "haya bwana", mjukuu anajua kwa sauti tu kama ameridhika, amechoka, au amekasirika. Ujuzi wa namna hii hautolewi cheti, na mara nyingi hauhesabiwi kuwa ujuzi, mpaka siku unapohitajika.

Baada ya vita wasikilizaji walifungwa na kiapo cha siri. Kumbukumbu zao hazikutumiwa kama ushahidi katika kesi za Nuremberg, na hazikufunguliwa kwa umma hadi miaka ya 1990. Wengi walizeeka bila kuwaambia watoto wao walichokifanya. Wakati huo huo jumba liliendelea na maisha mengine: likawa chuo cha ualimu, kisha kampasi ya Chuo Kikuu cha Middlesex hadi mwaka 2012. Vizazi vya wanafunzi kama sisi vimesoma juu ya sakafu hizo.

Kuligeuza jumba kuwa makazi si uovu. Katika karne ya 20, kodi za urithi, gharama za matunzo na uhaba wa watumishi vilisababisha mamia ya majumba ya aina hii kubomolewa kabisa. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert lilifanya maonesho maalumu kuhusu hasara hiyo. Nyumba isiyokaliwa huoza, na fleti huleta watu na fedha za kuezeka paa. Ila sheria za uhifadhi hulinda kwa urahisi kile kinachoonekana: nguzo, madirisha, ngazi za mawe. Ni vigumu zaidi kulinda chumba cha chini ambacho, kama tulivyokiona, hakina pambo lolote la kumfanya mpita njia asimame.

Ndiyo maana tunaunga mkono juhudi za wenyeji waliopigania sehemu ya jumba ibaki makumbusho, ghorofa ya chini na vyumba vya chini ya ardhi vikiwa wazi kwa umma, na wakazi wakae juu. Sebule za Sassoon hazitakosa wa kuzisifu. Mlango wa kuhangaikia ni ule wa kushukia chini, walikokaa wakimbizi na santuri zao. Ukifungwa huo, jumba litabaki zuri, lakini litakuwa limerudi kuwa historia ya wenye nyumba peke yao.