UZI: Mzungu anayefundisha Kiingereza Pwani alitoka wapi, na nani alimwachia darasa?

1/
Kila msimu wa siasa ukikaribia, mjadala huu unarudi. Mmoja anaandika "Pwani iko nyuma kielimu." Mwingine anajibu "si wazungu wanatusaidia, wanafundisha watoto Kiingereza bure." Wa tatu anasema huo ni ukoloni mamboleo, na hapo matusi yanaanza. Sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka turudi nyuma tuone hii kitu ilianza wapi. Kaa hapo, uzi ni mrefu.

2/
Kwanza tuelewane naongelea nani. Simaanishi mwalimu wa kigeni mwenye cheti na mkataba kwa shule ya kimataifa. Naongelea kijana wa miaka 19 au 20 anayetua Mombasa, anaelekea Diani, Watamu au Malindi, anakaa wiki tatu au miezi miwili. Asubuhi anafundisha Kiingereza, jioni yuko bichi. Mara nyingi yeye ndiye amelipa shirika ndio apelekwe. Soma tena hapo: analipa ili afundishe.

3/
Pwani haikungoja mzungu ndio ijue kusoma. Watu wa huku waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Kuna hati ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728. Kulikuwa na vyuo vya Kurani, makadhi, barua za biashara. Kwa hivyo mtu akikwambia Pwani "haikuwa na elimu," muulize: elimu ya nani? Kilichokuja baadaye ni elimu ya aina nyingine, na lugha nyingine.

4/
1844, Johann Ludwig Krapf anafika Mombasa. Mjerumani, ametumwa na CMS, shirika la kimisheni la Uingereza. 1846 yeye na mwenzake Rebmann wanaanzisha misheni Rabai. Nia yake haikuwa siri: alitaka watu wabadili dini. Lakini angalia alivyofanya. Alikaa chini akajifunza lugha. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka 1850, na kamusi yake ikachapishwa 1882, akiwa ashafariki. Nia yake unaweza kuikataa. Ila alijua huwezi kumfundisha mtu ambaye humwelewi.

5/
1875 CMS inaanzisha Freretown, pale Kisauni, kwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Na hii sehemu huwa haisemwi sana: baadhi ya walimu wa misheni hizo walikuwa Waafrika. Walikuwa wameokolewa utumwani wakiwa wadogo, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik, halafu wakarudishwa Pwani. Kiingereza walikijua. Na walikuwa na malalamiko kuhusu hadhi yao mbele ya wamishonari wazungu. Yaani swali la "nani anahesabiwa mwalimu" lina zaidi ya miaka 100 hapa kwetu.

6/
Wakoloni walipochukua nchi, kazi kubwa ya shule iliachiwa misheni. Sasa jiweke kwa viatu vya mzazi Mwislamu wa Kwale au Lamu. Shule iko, lakini ni ya kanisa. Mtoto atarudi na dini gani? Wengi wakakataa. Hiyo haikuwa uvivu wala ujinga, ilikuwa hesabu ya mzazi. Shule za serikali zilikuwa chache tena zimegawanywa kwa rangi. MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu Mombasa (leo ndiyo TUM), ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940. Kufikia hapo, sehemu nyingine za nchi zilikuwa na shule za misheni kwa miongo kadhaa. Pengo likawa limeshachimbwa.

7/
Uhuru ukaja na uamuzi mmoja mkubwa. Tangu 1957 kulikuwa na majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, yalianzia shule za Wahindi Nairobi. Tume ya Ominde ya 1964 ikaunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo. Huo uamuzi ulipitishwa na serikali yetu wenyewe, tusimsingizie mtu. Mtihani ukawa Kiingereza, kazi ya ofisi Kiingereza. Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima la kutahiniwa 1985, na 8-4-4.

8/
Tatizo: walimu walikuwa wachache, hasa wa sekondari. Wageni wakaitwa. VSO ya Uingereza ilianza 1958 ikituma vijana waliomaliza shule tu, wa miaka 18. Haikuchukua muda wakabadilisha, wakaanza kutuma waliosoma chuo, na baadaye watu wenye taaluma zao. Peace Corps ya Marekani ilianza 1961, na katikati ya miaka ya 60 ilikuwa imefika Kenya. Hao walikaa miaka miwili, na walipewa mafunzo pamoja na Kiswahili kabla ya kupewa darasa. Unaweza kuuliza siasa yake, maana ilikuwa Vita Baridi na Marekani ilikuwa inatafuta marafiki. Lakini angalau kulikuwa na mpango na muda.

9/
Miaka ya 70 na 80 hoteli zikapanda Pwani. Malindi ikajaa Waitaliano, Diani Wajerumani. Na hapa Pwani inatupa somo la bure: enda Malindi leo usikilize bichi boi au mama wa vinyago akiongea Kiitaliano. Nani alimfundisha? Hakuna shirika lililomletea mwalimu. Riziki ilimfundisha. Mtu akiwa na sababu na mtu wa kuongea naye, lugha inaingia. Kiingereza cha mtihani, cha kuandika insha na kuelewa swali la sayansi, ndicho hakiokotwi ufuoni. Hicho kinataka mwalimu.

10/
2003 elimu ya msingi ikawa bure. Madarasa yakafurika, walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Shule ndogo za kibinafsi za mabati zikaota kila mtaa. Wakati huohuo intaneti ikafanya iwe rahisi kwa kijana wa London kutafuta "shule ya kujitolea karibu na bahari." Pengo la tangu ukoloni likakutana na likizo. Hapo ndipo mzungu wetu wa wiki tatu alizaliwa.

11/
Nia zake ni zipi? Tusiwe wavivu wa kusema wote ni wabaya. Kuna anayetaka kweli kusaidia. Kuna anayetafuta kitu cha kuandika kwa CV kabla ya chuo. Kuna aliyetumwa na kanisa. Kuna anayependa jua na maisha ya bei nafuu. Wengi wana hizo zote kwa pamoja, kama vile sisi tunavyokuwa na nia mbili tatu tukifanya kitu chochote. Na angalia: hawendi sana kujitolea Wajir au Tana River ndani, ambako uhaba wa walimu ni mkali. Wanaenda penye mchanga mweupe. Bahari nayo iko kwenye hesabu.

12/
Na nia zetu je? Mwenye shule huwa hatafuti mwalimu wa Kiingereza hasa. Anatafuta mdhamini. Mgeni akikaa wiki tatu, akampenda mtoto mmoja, akirudi kwao anaweza kumlipia karo miaka minane, au akachanga pesa za choo na tangi la maji. Kiingereza ndicho kinachomfikisha mgeni mlangoni, lakini kinachouzwa hapo ndani ni huruma. Ubaya wake ni huu: shule ikishapendeza, mdhamini ataona haina shida. Umaskini wenyewe unakuwa mtaji.

13/
Nilisoma shule moja upande wa Ukunda, jina naliacha. 2013 nikiwa darasa la tano tulipata wageni watatu kwa mwaka, mmoja akienda mwingine anakuja. Wote walituanzisha na ule wimbo wa kugusa kichwa na mabega. Tulikuwa na miaka kumi na kitu! Lakini kinachonikaa ni kingine. Madam wetu wa Kiingereza, aliyelipwa kwa michango ya wazazi, siku hizo aliketi nyuma ya darasa lake mwenyewe, daftari za kusahihisha mapajani. Hakuna aliyemuuliza tumefika ukurasa gani. Na sisi watoto tulijifunza kitu siku hizo: kwamba mwalimu wa kweli ni yule mwenye ngozi ile.

14/
Tukiwa tunaongea elimu tu, bila siasa: mtoto wa Kwale anaanza shule na Kidigo au Kiduruma, na Kiswahili. Sera yenyewe inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Asipoelewa neno, mwalimu anamgeuzia kwa lugha yake, anaelewa, mnaendelea. Mgeni asiyejua Kidigo wala Kiswahili hana hiyo daraja. Atarudia neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Krapf wa 1844 alikuwa mbele yake.

15/
Kuna jambo zito pia, na mjadala wetu hulikwepa. Utafiti wa serikali na UNICEF wa 2006 ulionyesha jinsi unyonyaji wa kingono wa watoto ulivyoenea kwenye miji yetu ya kitalii Pwani. Na huko Gilgil, Bonde la Ufa, Mwingereza aliyekuwa ameendesha shirika la kuleta vijana kufundisha kwa kujitolea alipatikana na hatia ya kuwadhulumu watoto kingono, mahakama ya kwao, 2014. Simaanishi kila mgeni ni mshukiwa. Nasema mlango unaofunguka kwa tabasamu na mchango, bila mtu kukagua rekodi yako, unamfungukia kila mtu.

16/
Sheria iko. Sheria ya TSC ya 2012 inasema hakuna mtu atakayefundisha bila kusajiliwa. Uhamiaji nao wanataka kibali hata kama kazi ni ya kujitolea, kuingia kama mtalii hakutoshi. 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Kwa hivyo tatizo si karatasi. Tatizo ni kwamba mkaguzi akija akafunga, atajibu swali la pili: haya, na mwalimu mwingine yuko wapi?

17/
Na msaada huu hauna mizizi. 2014 Uingereza na Marekani zilitoa maonyo ya usafiri, watalii wakaondolewa Mombasa kwa ndege, Peace Corps wakasimamisha kazi Kenya mwaka huohuo. Shuleni kwetu hakuja mgeni tena. 2020 korona ikafunga anga. Mara mbili ndani ya miaka sita. Waliobaki darasani ni kina Madam, na michango yao ya wazazi.

18/
Sasa geuza kioo. Wewe Mkenya umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, una digrii ya ualimu. Unataka kwenda kufundisha Kiingereza Busan, mji wa bahari kule Korea Kusini. Viza yao ya walimu wa lugha inataka pasipoti ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Kiingereza ni lugha rasmi kwa Katiba yetu, Kifungu cha 7, lakini ukivuka mpaka unaambiwa si chako. Mwenzako wa miaka 19 bila cheti akija Diani, anapewa chaki siku ya kwanza. Kinachoangaliwa pande zote mbili ni pasipoti.

19/
Kwa haki, wapo waliofanya vizuri. Kuna wageni waliokaa miaka, wakajifunza Kiswahili, wakawa nyuma ya mwalimu wa hapa badala ya kusimama mbele yake: kununua vitabu, kulipia mwalimu amalize diploma, kusoma na mtoto mmoja mmoja mchana. Tofauti yao na wengine ni rahisi kuiona. Wakiondoka, darasa linaendelea.

20/
Kwa hivyo mtu akikuuliza hili jambo ni zuri au baya, mpe maswali matatu. Mgeni huyu angeruhusiwa kufundisha watoto wa kwao kwa sifa alizo nazo? Amekalia kiti cha nani? Siku akipanda ndege, kinabaki nini? Akijibu vizuri yote matatu, karibu sana, mpishie pilau.

21/
Lakini swali la nne si lake. TSC yenyewe imesema mara nyingi kwamba kuna walimu laki kadhaa waliosajiliwa na hawana ajira. Baadhi yao ni watoto wa Pwani, wanaendesha boda na kuuza nguo mtandaoni. Mwalimu yupo. Darasa lipo tupu. Kinachokosekana katikati ni bajeti, na bajeti huwa inapitishwa na watu tunaowachagua, si na kijana wa miaka 19 mwenye kofia ya ukili.

22/
Mheshimiwa yeyote akija kupiga picha na wageni wakikabidhi madarasa, mpigie makofi kidogo, halafu mpe mikrofoni umuulize: kaunti hii ina upungufu wa walimu wangapi, na wewe ulipiga kura vipi siku pesa za kuwaajiri zilipojadiliwa? Kama wewe ni mwalimu uliyesajiliwa na unangoja, andika hapa chini umengoja miaka mingapi. Hiyo orodha ndiyo itakayoendeleza uzi huu.