Akili ya Kawaida na Visiki vya Shamba la Shule



Wale tuliosoma pamoja miaka ya 1990 watakumbuka shamba la shule na kazi ya kung'oa visiki. Kila darasa lilipimiwa kipande chake, na kisiki kikibaki, kipande hakikupokewa. Siku moja nilimwuliza mwalimu wa zamu kwa nini tusiviache vile vilivyoanza kuchipua. Alinijibu mbele ya wenzangu kwamba hata mtoto mdogo anajua shamba safi halina kisiki, na kwamba nitumie akili ya kawaida. Wenzangu walicheka, nami nikaendelea kuchimba.

Likizo ilipofika nilimsimulia babu yangu, Mgogo aliyelima uwele na mtama maisha yake yote. Yeye hakucheka. Aliniuliza tu: "Na kivuli, mjukuu wangu, mtakipata wapi?" Nikajiambia moyoni kwamba mzee hakusoma.

Leo mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu hunifikisha katika vijiji vingi vya Mkoa wetu wa Dodoma. Nakuta wakulima wakifundishwa kuacha visiki vichipue, kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kupogoa mengine, na kuyafungia kitambaa yaliyochaguliwa ili yasikatwe. Kazi hiyo huitwa Kisiki Hai, na ilianza kuenezwa kwa wingi hapa mwaka 2018. Mfano wake ulitoka Niger, ambako tangu miaka ya 1980 wakulima wamerudisha miti kwenye mamilioni ya hekta bila kupanda miche. Sababu yake ni nyepesi: kisiki kilicho hai kina mizizi iliyokwisha kufika chini kwenye unyevu, wakati mche mpya mara nyingi hufa kiangazi cha kwanza. Basi kati ya mwalimu na babu, ni nani aliyekuwa na akili ya kawaida?

Wahenga walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi naona akili ya kawaida ipo, lakini hatuzaliwi nayo. Ni majibu ambayo watu wa mahali fulani waliyapata kwa taabu, kisha wakawarithisha watoto wao majibu hayo bila kuwarithisha maswali. Historia ya uwanda wetu huu wa kati inatupa ushahidi.

Tutazame Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki kwa muda wa wiki 9 hivi, ukapendekeza ekari 3,210,000 zilimwe karanga kwa mashine, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mwaka huo wa kwanza walikusudia kufyeka ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikuzidi sana 7,500. Vichaka viliyashinda matrekta, mibuyu haikung'oka kwa urahisi, na kiangazi udongo ulikauka ukawa kama saruji, ukala majembe ya chuma. Mvua nayo haikufuata ratiba ya London. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ikahesabiwa kuwa Pauni milioni 36.

Waliopanga hawakuwa wajinga. Kwa akili ya kawaida ya kwao, ardhi iliyo tupu ni ardhi inayongoja mkulima. Kwa Mgogo, ardhi ile ilikuwa tupu kwa sababu maji ni haba na mvua hainyeshi sawasawa: kijiji hiki hupata, cha jirani hukosa. Macho ya pande zote mbili yaliona pori lile lile.

Lakini tusijisifu mno, maana akili ya wazee wetu nayo ilikuwa na mpaka. Kila mzee wa Ugogo aliamini kwamba akiba ni ng'ombe, na kwamba ng'ombe hao hutawanywa kwa marafiki, ili ukame au maradhi yakipiga zizi moja, mengine yapone. Jambo hili lilikuwa na maana kubwa. Ilipokuja njaa ya Mtunya, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua zikakosekana, inakadiriwa Wagogo 30,000 kati ya 150,000 walikufa kati ya mwaka 1917 na 1920. Aliyesikia habari hizo utotoni hawezi kulaumiwa akitaka ng'ombe wengi.

Hata hivyo, huko Kondoa, ambako Warangi nao ni wakulima na wafugaji, wingi wa mifugo na ukataji wa miti vilichangia kuifanya milima kuwa makorongo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Kwa wazee lilikuwa pigo zito, maana mtu kuondolewa ng'ombe ni kama kuondolewa jina. Lakini majani na miti vilirudi, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wachache wa maziwa walifugwa bandani na kukatiwa majani. Mtoto aliyekua akiona hivyo haoni ajabu. Kwake yeye, hiyo ndiyo akili ya kawaida. Ya babu yake ndiyo inayohitaji kuelezwa. Muda usiotimia hata miaka 20 ulitosha.

Nirudi kwenye visiki. Baadaye nilielewa kwamba mwalimu wetu naye alikuwa na sababu: plau ya ng'ombe au ya trekta huvunjika ikigonga kisiki. Lakini sisi tulikuwa tukilima kwa jembe la mkono! Alirithi jibu, swali lake likabaki kwenye mashamba ya watu wengine.

Nami siwezi kumcheka. Babu alipofariki nilikuwa nimekwisha hitimu Chuo Kikuu, na ni mimi niliyeagiza miti ya shambani kwake ikatwe ili shamba liwe safi. Mwaka hadi mwaka upepo wa kiangazi umechukua udongo wa juu, na uwele umezidi kuwa mfupi. Sasa nimeanza kuacha machipukizi kwenye visiki vichache vilivyosalia. Nasikitika kwamba sikumwuliza babu swali moja tu: kwa nini?

Kwa hiyo, vijana mlioko madarasani sasa, mzee akisema jambo msilipokee wala kulitupa kabla ya kuuliza sababu yake. Na sisi wakubwa, tukiulizwa, tusijibu kwamba hata mtoto mdogo anajua. Mtoto akiuliza, ni kwa kuwa hajui, na pengine hata sisi hatujui.