Injini Yenye Pua Mbili: Historia Fupi ya Turbo, Hewa na Nissan GT-R

Leo naomba tuweke kando mambo ya msimbo na hifadhidata tuzungumze juu ya magari. Msinikimbie. Mkifika mwisho mtaona kwamba ni yale yale tunayoyajadili hapa kila wiki, ila tu yana harufu ya petroli.

Kuna swali linaloulizwa kila gereji ya Nairobi yenye kijana na gari la turbo. Je, nikitoa lile boksi la plastiki linalofunika filta ya hewa, niweke filta mbili za wazi za umbo la pia, gari litaongeza nguvu? Muuzaji wa filta atakwambia ndiyo kabla hujamaliza swali. Historia nayo ina jibu lake, refu kidogo, na lina faida kwa mfuko wako. Nimeona injini ya turbo ikifunguliwa katika gereji moja hapa mjini, pistoni imetoboka kama sufuria kuukuu, na mwenyewe amesimama kando akihesabu kodi za nyumba ambazo hatalipa. Kwa hiyo hili si jambo la mzaha.

Tuanzie mlimani

Injini ni pampu ya hewa. Petroli ni rahisi kuiongeza. Kinachokosekana daima ni hewa ya kuichomea. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili hataza mwaka 1905 ya wazo la kutumia nguvu ya moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha feni, na feni hiyo isukume hewa mpya ndani. Moshi ambao ungepotea bure ukapewa kazi.

Wazo hilo lilipata mtihani wake maarufu mwaka 1918. Sanford Moss wa General Electric alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, Marekani, kiasi cha mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Kule juu hewa ni nyembamba na injini ya kawaida huishiwa pumzi. Moss alipofunga turbo, injini ikapata tena nguvu iliyokuwa imeipoteza kwa kupanda mlima.

Sisi wa Nairobi hatuna haja ya kwenda Colorado kulielewa hilo. Tunaishi kwenye mita 1,700 hivi. Mombasa, kando ya bahari, shinikizo la hewa ni kilopaskali 101. Hapa kwetu ni kama 83. Gari lisilo na turbo likipanda kutoka pwani hadi Nairobi hupoteza karibu moja ya tano ya hewa yake, na nguvu nazo hufuata. Turbo ndiyo inayofidia pengo hilo. Kumbukeni tarakimu hizo mbili, 101 na 83, maana tutazirudia.

Turbo yashuka barabarani

Magari ya kawaida yaliipata turbo mwaka 1962, wakati kampuni ya General Motors ilipotoa Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Jetfire ilihitaji tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli ili injini isigonge, na wenye magari wengi walisahau kulijaza. Mwaka 1973 BMW wakaleta 2002 Turbo, nayo ikakutana ana kwa ana na msukosuko wa mafuta wa mwaka huo huo. Porsche wakafuata na 911 Turbo iliyoonyeshwa Paris mwaka 1974.

Magari haya yote yalikuwa na tatizo moja: turbo kubwa ni nzito kuzunguka. Unakanyaga mafuta, unasubiri, unasubiri, halafu ghafla gari linaruka. Dawa moja iliyopatikana ni kugawa kazi: badala ya turbo moja kubwa, weka mbili ndogo, kila moja ilishwe na nusu ya silinda. Waandishi wa programu mtalitambua wazo hili mara moja. Ni kugawa mzigo kati ya seva mbili ndogo badala ya kununua seva moja kubwa.

Mwaka 1989: GT-R

Gari lililofanya mpango huo uwe maarufu duniani ni Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989, ile inayoitwa R32. Injini yake, RB26DETT, ina silinda sita kwa mstari na ujazo wa sentimita za ujazo 2,568. Ujazo huo haukuchaguliwa kwa bahati nasibu. Sheria za mashindano ya Group A zilizidisha ujazo wa injini za turbo kwa 1.7. Piga hesabu: 2,568 mara 1.7 ni kama 4,366, chini kidogo ya mpaka wa daraja la 4,500. Wahandisi walisoma kanuni kwanza, wakachora injini baadaye.

Matokeo yake? Katika ligi ya magari ya Japani, kuanzia 1990 hadi 1993, R32 ilishinda mashindano yote 29 iliyoshiriki. Kule Australia, Jim Richards na Mark Skaife walishinda nayo Bathurst 1991 na 1992, na Waaustralia wakaibandika jina la Godzilla.

Sasa tufungue boneti. Turbo ni mbili, kila moja ya silinda tatu. Kila turbo ina bomba lake la kuvutia hewa, na kila bomba lina kihisi chake cha kupima hewa. Lakini mabomba hayo mawili yanaanzia kwenye boksi moja lenye filta moja. Yaani mapafu mawili, pua moja. Nguvu iliyotangazwa ilikuwa 280, kwa sababu kampuni za Japani zilikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya hapo, makubaliano yaliyodumu hadi 2004. Kila mtu alijua kwamba injini ile ilikuwa imefungwa breki.

Basi mafundi wakaanza kuifungua. Kampuni za Japani kama HKS zikauza seti za filta mbili: toa boksi, weka filta moja ya wazi juu ya kila kihisi. Kila turbo ikawa na pua yake. Sauti ikabadilika, turbo zikasikika zikivuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi. Na kweli, kizuizi kimoja kikawa kimeondoka.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Boksi lile la plastiki lilikuwa na kazi, na kulitoa kuliamsha mambo matatu.

Kwanza ni joto. Boksi la kiwandani huvuta hewa kutoka mbele ya gari, mahali penye ubaridi. Filta za wazi huvuta hewa iliyoko ndani ya boneti, kando ya injini. Hewa ya nyuzi 25 ikipanda hadi nyuzi 55, wingi wake kwa ujazo ule ule hushuka kwa asilimia 9 hivi. Kipoza hewa kilichoko mbele kitarudisha sehemu ya hasara hiyo, si yote. Ndiyo maana mafundi makini walitengeneza ukuta wa bati kuzitenga filta na joto, kisha wakaleta bomba la hewa baridi. Kwa maneno mengine, walijenga boksi upya.

Pili ni kipimo. Ndani ya kihisi kuna waya unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita humpoza, na umeme unaohitajika kuudumisha moto wake ndio unaoiambia tarakilishi ya injini kiasi gani cha hewa kimeingia. Tarakilishi hutazama jedwali lake na kuamua petroli ya kunyunyiza. Hapa nipo nyumbani: ni ingizo, jedwali, tokeo. Hewa ikizidi sana, kihisi hufika ukomo wake na kuanza kurudisha tarakimu ile ile hata hewa ikiendelea kuongezeka. Petroli inabaki pungufu, injini inagonga, pistoni inatoboka. Wengi walibadilisha vihisi vya milimita 65 wakaweka vile vya milimita 80 vya Nissan 300ZX. Dawa nzuri, ila tu ikiwa jedwali ndani ya tarakilishi limeandikwa upya. Ukibadilisha kifaa bila kubadilisha programu, umemkabidhi dereva wa teksi ramani ya mji mwingine.

Tatu ni turbo zenyewe. Gurudumu la upande wa moshi lilikuwa la kauri, jepesi, ili lizunguke haraka. Mtu akishaweka filta mbili hushawishika kuongeza shinikizo. Kauri hiyo ikisukumwa kupita kiasi hupasuka. Wenye R32 waliojifunza hivyo ni wengi, na wengi wao wakaishia kununua turbo za chuma.

Umeona mtiririko? Ukiondoa kizuizi hapa, kinachofuata kwenye mstari ndicho kinachokuwa kizuizi. Nimeliona jambo hilo hilo kwenye seva mara nyingi: unaharakisha hifadhidata, mtandao unalemewa.

Hadithi ya milimita 34

Kama bado una shaka kwamba mdomo wa hewa ndio mfalme, tazama mbio za magari za dunia. Wasimamizi walipotaka kupunguza nguvu za magari ya turbo hawakuhangaika na mambo mengi. Waliamuru hewa yote ipite kwenye pete moja nyembamba kabla ya kufika kwenye turbo. Mwaka 1995 tundu la pete hiyo lilikuwa milimita 34. Hewa ikifikia kasi ya sauti ndani ya tundu, basi. Haiongezeki hata turbo ikililia.

Toyota walikuwa wakubwa hapa kwetu. Mwaka 1993 Celica zilichukua nafasi nne za kwanza katika Safari Rally, Juha Kankkunen mbele, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda na Celica. Lakini mwaka 1995, katika mashindano ya Catalunya, Uhispania, wakaguzi waligundua kwamba pete ya Celica ilikuwa na ujanja. Bomba likishafungwa na kukazwa, pete husogea milimita chache na kuacha njia ya pembeni ya kupitishia hewa. Ukifungua bomba kukagua, pete hurudi mahali pake ikaonekana safi. Timu ilifungiwa miezi kumi na miwili. Kampuni kubwa ilihatarisha jina lake kwa ajili ya mwanya wa milimita chache tu.

Safari yenyewe ilikuwa na somo lake. Magari mengi yaliyokuja Kenya yaliongezewa bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi karibu na paa, ili yasinywe maji kwenye mito yetu. Huku kwetu hewa nyingi haikutosha. Ilibidi pia iwe kavu.

Basi, Nairobi tufanyeje?

Turudi kwenye tarakimu zetu. Tuseme turbo yako inatakiwa kufikisha kilopaskali 180 ndani ya injini. Mombasa itazidisha hewa mara 1.78. Nairobi, mara 2.17. Sasa tuseme filta chafu inakula kilopaskali 5. Mombasa kazi inapanda hadi 1.88, Nairobi hadi 2.31. Kizuizi kile kile kinatuumiza zaidi sisi wa milimani, turbo inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ikiwa moto zaidi. Kwa hiyo anayetaka kuboresha njia ya hewa hapa ana hoja ya haki, tena kuliko mtu wa pwani.

Ila afuate mpangilio. Kwanza badilisha filta ya kawaida, maana vumbi letu ni jingi na filta mpya ni bei ya chakula cha mchana. Pili, pima shinikizo kati ya filta na turbo gari likiwa na mzigo. Kama halishuki, filta mbili hazitakupa kitu ila sauti. Tatu, kama linashuka, weka filta zako lakini zitenge na joto. Nne, usiguse shinikizo la turbo kabla ya mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko wa petroli kusoma jedwali la tarakilishi na kulirekebisha.

Moss hakupanda Pikes Peak akiwa na imani tu. Alibeba vipimo, akapima bila turbo, akapima na turbo, kisha akasema. Mwulize fundi wako kipimo chake kiko wapi. Kama hana, rudi na pesa zako nyumbani.