Rubens: meli iliyoficha risasi chini ya mbao

Ng'ambo ya Pemba, upande wa Tanga, iko ghuba ya Manza. Aprili 1915 iliingia humo meli Rubens. Ilikuwa meli ya mizigo ya Uingereza, iliyozuiliwa Hamburg vita vilipoanza. Wajerumani waliipa jina la Kidenmaki, Kronborg, wakapakia makaa ya mawe, bunduki na risasi, wakazifunika kwa mbao.

Manowari ya Waingereza, Hyacinth, iliifukuza na kuipiga. Mbao zikawaka, Waingereza wakadhani kila kitu kimeteketea. Kumbe nahodha ameizamisha penye kina kifupi, na maji yameilinda shehena. Wajerumani waliopoa risasi, wakazikausha. Vita viliendelea hadi 1918, na waliobeba mizigo hiyo kichwani ni wapagazi wetu. Wengi hawakurudi makwao.