Tangu Belezoni hadi FRRouting: Tarehe ya Njia Zipitiwazo

Mto Tana haukumwaga maji yake Kipini tangu kale. Katika karne ya 19, zama za masultani wa Witu, ulichimbwa mfereji mwembamba wa mitumbwi uitwao Belezoni, ukauunganisha na mto Ozi. Na maji, ambayo tabia yake ni kufuata penye wepesi, yakaupanua mwaka baada ya mwaka hata mto wenyewe ukauhama mlango wake wa asili. Tarehe ya programu ziongozazo njia za intaneti yafahamika vyema kwa mwenye kuzingatia hulka hiyo.

Januari 1989, mjini Austin, Marekani, wahandisi wawili, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, waliandika juu ya karatasi za kufutia midomo, mezani pa chakula, misingi ya itifaki ya BGP, ambayo kwayo kila mtandao humtangazia jirani yake anwani unazoweza kuzifikia, naye jirani, akiisha kusadiki, huwatangazia wengine. Msingi wake ni amana, na udhaifu wake ni huo huo: Februari 24, 2008, Pakistan Telecom, ikikusudia kuifunga YouTube ndani ya nchi yake tu, ilitangaza anwani zilizo mahsusi zaidi kuliko zile za YouTube yenyewe, tangazo likavuka mipaka, na kwa muda wa saa mbili hivi maombi ya dunia yakamiminikia Pakistan na kupotelea huko, kwa kuwa ruta hufuata daima anwani iliyo mahsusi zaidi, kama Tana ilivyoufuata Belezoni.

Kwetu Kenya, barua-pepe ya miaka ya 1990 kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ikiwa mwandishi na mwandikiwa wanahudumiwa na kampuni mbalimbali, ilipanda setilaiti, ikashukia ng'ambo, ndipo irejee nchini, na gharama ikalipwa kwa fedha za kigeni. Novemba 2000 watoa huduma wakafungua jijini Nairobi kituo cha KIXP cha kubadilishana mawasiliano ya ndani. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje, ikalalamika, na tume ya mawasiliano ikakifunga baada ya majuma mawili hivi, amri ambayo kwa maoni yangu ilikuwa dhulma kwa raia. Kilifunguliwa tena Februari 2002.

Programu ziendeshazo itifaki hiyo ya BGP nazo zilikuwa zikizaana: Zebra, aliyoianza Kunihiro Ishiguro wa Japani mwaka 1996, ikazaa Quagga, na Quagga ikazaa FRRouting mwaka 2017. Fundi anayeisanidi huandika anwani ya jirani na namba ya mtandao wake, na tangu hapo, asipobadili kitu, ruta yake na ya jirani hupelekeana salamu kila baada ya sekunde 60. Zikitimia 180 bila salamu, jirani huhesabiwa kuwa amekufa, na njia zote alizozitangaza hufutwa. Ndiyo sababu mwenye zamu hukodolea macho saa ya jirani, wala hangoji simu ya mteja.

Hata hivyo, hakuna usanidi uwezao kuumba njia isiyokuwapo. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Kenya haikuzimika kabisa, kwani zilibaki nyaya nyingine. Lakini mji uliofikiwa na faiba moja tu, iliyolazwa kando ya barabara moja, hauna jirani wa pili wa kumwendea, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatwa na mafuriko pale Lango la Simba, Novemba 2023. Kaunti zote mbili, Tana River na Lamu, zina haki ya kudai faiba ya pili, ipitayo juu ya ardhi isiyofikiwa na mafuriko hayo.